Mwanafunzi wa Sayansi Naye Anahitaji Darasa la Siasa

Mnamo Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, nchini Kenya. Ni watoto zaidi ya milioni 1.1 waliofanya mtihani wa Gredi ya 9 mwishoni mwa mwaka 2025, na wazazi wao walikuwa na mengi ya kulalamikia: karo, sare, watoto kupangiwa shule za mbali, maabara zisizokuwapo. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini kuna jambo moja lililopita kimya katika kelele hizo zote, na likitajwa linaeleweka visivyo. Jambo hilo ni mahali palipobaki pa kusoma siasa shuleni: itikadi, mifumo ya serikali na uhusiano wa nchi yetu na dunia. Wengi wanaona kwamba Historia na Uraia ni somo la yule anayetaka kuwa wakili au diwani, hivyo si hasara mtoto wa sayansi akiliacha. Wengine wanasema vijana wa leo wanaijua Katiba kuliko walimu wao, kwa hiyo hakuna pengo la kuziba. Naamini pande zote mbili zimekosea. Tunapanua elimu ya uraia huku tukibana elimu ya siasa, na tunafanya hivyo kwa watoto walewale ambao miaka michache ijayo tutawaomba waamue nchi itawaliwe vipi.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Sekondari Pevu ina mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati unaojulikana kama STEM; ule wa sayansi za jamii; na ule wa sanaa na michezo. Lengo la serikali ni asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Masomo ya lazima kwa wote ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Historia na Uraia ni somo la kuchagua, na nyumba yake ni mkondo wa sayansi za jamii. Mwanafunzi wa STEM hukutana na mambo ya serikali kwa mpangilio katika Masomo ya Kijamii hadi Gredi ya 9, basi. Akiwa na miaka 15 mlango huo unafungwa, isipokuwa abahatike kuwa katika shule yenye mchanganyiko wa masomo unaomruhusu. Ni haki kukumbuka kwamba hata katika 8-4-4, mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, mambo hayakuwa mazuri sana, kwani wengi waliliacha somo la Historia na Serikali baada ya Kidato cha Pili. Tofauti ni kwamba sasa uamuzi huo umewekwa ndani ya muundo, tena kwa hesabu inayotaka walio wengi waende kwingine.

Watetezi wa mpangilio huu watanijibu kwamba uraia haujaondolewa, kwa kuwa umo ndani ya Mafunzo ya Huduma kwa Jamii, somo ambalo ni la lazima. Hapo ndipo penye mkanganyiko. Elimu ya uraia humfundisha mtoto kuwa mwema ndani ya mpangilio uliopo: aheshimu bendera, ajue haki na wajibu wake, ajitolee, apige kura, achukie ufisadi. Siidharau hata kidogo. Elimu ya siasa, kwa upande wake, humuuliza mtoto kwa nini mpangilio uko hivi na si vinginevyo, nani aliupigania na nani aliupinga, wengine duniani wamejipanga vipi, na kila chaguo lina gharama gani na nani huilipa. Mtu anaweza kuwa raia mwema kupindukia, akafagia soko kila Jumamosi, asijue kwa nini soko hilo liko chini ya kaunti ilhali barabara inayopita mbele yake iko chini ya serikali kuu.

Juni 2024 ilituonyesha pengo hilo waziwazi, ingawa wengi walisoma ishara kinyume. Vijana waliojitokeza kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, walikuwa wamejifundisha mengi. Waliutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi, wakabeba mabango yenye Kifungu cha 37 cha Katiba kinachowapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Nililiona hilo kwa fahari, na nawaombolezea waliouawa kwa kudai kusikilizwa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliunga mkono mswada dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Wengi waliona kazi imekwisha. Mpwa wangu, ambaye leo yuko mkondo wa STEM, alinisomea Kifungu cha 37 kwa kichwa bila kukwama, kisha Desemba mwaka huohuo akaniuliza, "Mjomba, kama mswada ulikataliwa, kodi hizi nyingine zimetoka wapi?"

Jibu la swali lake ni somo zima la siasa. Kifungu cha 115 kinampa Rais mamlaka ya kuurudisha mswada Bungeni pamoja na pingamizi zake. Bunge likitaka kuupitisha tena kama ulivyokuwa, lazima theluthi mbili ya wabunge wakubali. Rais aliurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe, na huo ukawa mwisho wa mswada ule. Lakini shimo la bajeti lilibaki palepale, maana mswada ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346. Kenya ilikuwa ndani ya mpango wa mikopo na Shirika la Fedha Duniani ulioanza Aprili 2021, na mpango huo ulikuwa na malengo ya mapato. Oktoba Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umeiharamisha Sheria ya Fedha ya 2023. Desemba ikatiwa saini sheria ya marekebisho ya kodi, na baadhi ya yale yaliyokataliwa barabarani yakarudi kwa mlango mwingine. Mtu anayejua Kifungu cha 37 peke yake ataliona hili kama usaliti mtupu. Anayejua mfumo ataona mahali pa kubana: kamati ya bajeti, ratiba ya Hazina, masharti ya mikopo, mwaliko wa kutoa maoni ambao hubandikwa gazetini na wachache huusoma. Hasira ni ileile, ila ya pili ina pa kwenda.

Chukua pia haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kuisha. Imo katika Kifungu cha 104 na vijana wengi waliitaja baada ya kura ile. Wachache walijua kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoweka utaratibu wake, na kwamba wabunge wenyewe ndio wanaopaswa kutunga vingine. Haki iko kwenye karatasi, njia ya kuitumia haipo, na mwenye ufunguo ndiye anayetakiwa kuondolewa. Darasa lenye wanafunzi 40 linaweza kujadili jambo hilo kwa wiki mbili na lisichoke.

Tena hayo ni mambo ya utaratibu tu. Mfumo wenyewe wa serikali tulionao ulichaguliwa, na uchaguzi huo ungeweza kwenda kwingine. Rasimu ya Katiba mpya iliyotolewa na Kamati ya Wataalamu Novemba 2009 ilikuwa na rais na waziri mkuu wanaogawana madaraka. Januari 2010 wabunge wa kamati teule walikutana Naivasha wakaibadilisha, wakaleta mfumo wa urais kamili ambamo mawaziri hawatoki Bungeni. Wananchi waliipigia kura Katiba tarehe 4 Agosti mwaka huo na takriban asilimia 67 wakaikubali. Tangu hapo wanasiasa hawajaacha kuomba cheo cha waziri mkuu kirudi. Kilikuwamo katika mpango wa kubadilisha Katiba ulioitwa BBI hadi Mahakama ya Juu ilipousimamisha mpango huo Machi 2022, na kikajitokeza tena katika mapendekezo ya kamati ya mazungumzo ya kitaifa mwaka 2023. Kila mara mjadala hupelekwa kwa wananchi kama suala la nani atakalia kiti kipi. Mtu aliyesoma tofauti ya mfumo wa bunge na mfumo wa urais, akaona Uingereza, India na Marekani zinavyofanya, huuliza maswali mengine: waziri mkuu atawajibika kwa nani, Bunge litaweza kumwondoa, na rais akipoteza wengi Bungeni itakuwaje? Mtaala wa 8-4-4 ulikuwa na mada hiyohiyo, serikali za Uingereza, Marekani na India, katika Kidato cha Nne. Ulikuwa umefundishwa kwa kukariri, nakubali, lakini ulikuwapo.

Upande wa dunia ndio unaosahaulika zaidi. Siku ileile ya 25 Juni 2024, waandamanaji walipokuwa wakiingia Bungeni, takriban polisi 200 wa Kenya walikuwa wakitua Port-au-Prince, Haiti, kusaidia kupambana na magenge. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeidhinisha ujumbe huo Oktoba 2023. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imeuzuia Januari 2024, ikisema Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje kwa sababu kifungu kinachotumika kinahusu majeshi. Na jana yake tu, tarehe 24 Juni, Marekani ilikuwa imeipa Kenya rasmi hadhi ya mshirika mkuu nje ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Mambo haya yanaungana, na kuyaunganisha ni ujuzi unaofundishika: dola kubwa isiyotaka kupeleka askari wake, nchi ya Afrika inayotafuta hadhi na fedha, mahakama inayosoma maneno ya Katiba moja baada ya jingine, na familia za polisi zinazosubiri simu. Tumewaachia vijana wayapate vipandevipande kati ya tangazo na tangazo.

Kuhusu itikadi, tatizo ni la zamani na mtaala mpya umelirithi tu. Shuleni tulifundishwa Ujamaa wa Kiafrika, Harambee na Nyayo kama falsafa za taifa, kila moja ikiwa na orodha ya faida zake. Hatukuambiwa kwamba waraka wa serikali wa mwaka 1965, ulioitwa wa Ujamaa wa Kiafrika, ulibishaniwa vikali. Waraka huo ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozalisha zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mwaka huohuo mchumi Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliukosoa katika jarida akiuliza kama kweli huo ni ujamaa. Mwaka uliofuata Oginga Odinga alitoka serikalini na katika chama tawala cha KANU, akaongoza chama cha upinzani cha KPU, nacho kikapigwa marufuku mwaka 1969. Mtu wa Mandera au Turkana, kaunti kame za kaskazini, hana haja ya kuelezwa waraka ule uliamua nini, maana anaishi ndani ya uamuzi huo. Kifungu cha 204 cha Katiba, kinachotenga nusu asilimia ya mapato kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, ni jibu lililochelewa kwa waraka wa 1965. Na Seneti ilipokwama mwaka 2020 juu ya ugavi wa fedha za kaunti, wengine wakitaka idadi ya watu itawale na wengine wakitaka umaskini na ukubwa wa eneo vihesabiwe, ulikuwa ugomvi uleule wa miaka 55 nyuma. Uliripotiwa kama vita vya makabila na vigogo, na sehemu hiyo ilikuwapo. Ila chini yake kulikuwa na swali la itikadi: haki ni kugawa sawasawa kwa kila kichwa, au ni kumwongezea aliyepunjwa? Mtoto wa Gredi ya 11 anaweza kulijadili swali hilo vizuri sana akipewa nafasi.

Sasa tupime hoja za wanaoona haya hayahitajiki. Yenye nguvu zaidi ni ya muda na ajira. Nchi inahitaji wahandisi, wauguzi na wataalamu wa kompyuta, ratiba imejaa, na mzazi anayelipa karo kwa shida anataka mtoto atoke na ujuzi wa kumlisha. Naiheshimu hoja hii. Lakini mhandisi atajenga barabara kwa zabuni ya kaunti, muuguzi atagoma kwa sababu mkataba baina ya chama chake na serikali haukutekelezwa, na mtaalamu wa kompyuta ataombwa atengeneze mfumo wa kukusanya taarifa za raia. Hao ndio watu wanaogusana na dola kila siku ya kazi. Sidai saa tano kwa wiki. Somo la lazima la Huduma kwa Jamii tayari lina nafasi kwenye ratiba, na sehemu yake inaweza kuwa siasa halisi bila kumnyima mtu maabara.

Hoja ya pili inanipa shida zaidi: mwalimu atalifundishaje darasa la siasa bila kuleta chama chake na kabila lake? Katika nchi iliyoona mauaji baada ya uchaguzi wa 2007, hofu hiyo si ya kubeza. Hata hivyo wapo waliotangulia kuipata njia. Mwaka 1976 walimu na wasomi wa Ujerumani Magharibi, waliokuwa wamegawanyika vibaya kisiasa wao kwa wao, walikutana Beutelsbach na kutoka na kanuni zinazotumika mpaka leo. Mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kwa maoni yake. Jambo lenye ubishi katika siasa na taaluma lifundishwe likiwa na ubishi wake. Na mwanafunzi awezeshwe kuchambua hali na maslahi yake mwenyewe. Kanuni ya pili ndiyo ningeanza nayo hapa kwetu. Mwalimu anayefundisha ugavi wa mapato kwa hoja mbili zilizo sawa kwa nguvu ana ulinzi, mbele ya mzazi na mbele ya mwajiri. Asiye na kanuni yoyote ndiye anayenyamaza, au anayepiga siasa akijifanya anafundisha mashairi.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba kuwafundisha watoto siasa ni kuwachochea. Imesemwa tangu 2024 na baadhi ya viongozi na hata wazazi. Historia yetu inaikana. Mwaka 1982, serikali iliyokuwa imewatia ndani wahadhiri na kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria mwezi Juni ilikabiliwa na jaribio la mapinduzi tarehe 1 Agosti. Ukimya wa madarasani haukuzuia chochote. Kilichofuata ni Chuo Kikuu cha Nairobi kufungwa, na vijana wengine kusomea siasa gizani, kwenye vijikaratasi vya siri, mahali ambapo hapakuwa na wa kuwapinga kwa hoja. Na vijana wa 2024 hawakutolewa nyumbani na mwalimu wa Historia. Walitolewa na bei ya mkate, ukosefu wa kazi, na wabunge waliopiga kura kana kwamba hawasikii.

Jirani yetu Tanzania imechukua njia nyingine, nayo inafaa kuangaliwa kwa makini kabla hatujaiga. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, Siasa lilikuwa somo shuleni, likifundisha Ujamaa kama njia iliyokwisha kuamuliwa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 nafasi yake ikachukuliwa na Uraia, na sasa mtaala mpya umeweka Historia ya Tanzania na Maadili kuwa somo la lazima, kwa Kiswahili. Ulazima na lugha ni mambo ambayo Kenya ingepaswa kuyaonea wivu. Wasiwasi wangu uko kwenye kuunganisha historia na maadili, kwa sababu swali la kisiasa likishawekwa chini ya maadili, anayeuliza huanza kuonekana mkosefu. Na Tanzania ina mfano wa somo ambao hakuna nchi nyingine ya eneo hili iliyo nao. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, takriban 20 wakataka vingi. Tume ikapendekeza vingi. Je, ilifanya haki? Wengi wakikosea, serikali iwafuate? Na wachache wanapataje ulinzi ikiwa kila kitu huamuliwa kwa hesabu? Mwalimu wa Tabora au wa Kakamega akiliingiza swali hilo darasani bila kutoa jibu lake, amefundisha demokrasia zaidi ya kurasa 30 za ufafanuzi.

Kuna na suala la tabaka, nalo linaniuma. Shule za kimataifa zinazofuata mpango wa International Baccalaureate zinaweza kutoa somo kamili la Siasa za Dunia, ambamo mwanafunzi huchambua mamlaka, haki za binadamu, maendeleo na amani, na hushiriki suala halisi la kisiasa kisha akaliandikia. Mtoto wa mwenye uwezo jijini Nairobi anaweza kusoma jinsi madaraka yanavyofanya kazi, ilhali mtoto wa shule ya kutwa Kilifi aliyepangiwa STEM anafundishwa kujitolea. Mmoja anaandaliwa kuamua na mwingine anaandaliwa kuhudumu. Sidhani waliochora mtaala walikusudia hivyo, lakini ndipo tunapoelekea ikiwa hakuna atakayebadilisha kitu.

Mahali pengine ambapo watoto wetu wamekuwa wakibishana kuhusu utawala bila woga ni kipindi cha fasihi. Tamthilia teule za Kiswahili, na watawala wake wa majimbo ya kubuni, zimewafanya wanafunzi wengi wazungumzie udikteta, ukabila na rushwa kwa uhuru ambao kitabu cha Historia hakikuthubutu kuwapa. Sasa Fasihi ya Kiswahili nayo imekuwa somo la kuchagua katika mkondo uleule wa sayansi za jamii. Kiswahili cha lazima kimebaki, na wanaokitungia mtihani wanaweza kukipa insha ya hoja inayodai pande mbili zipimwe, badala ya insha ya methali mwaka nenda mwaka rudi.

Mabadiliko ninayoyadai si makubwa na hayahitaji Bunge. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, inaweza kuingiza katika Huduma kwa Jamii mada nne zenye ubishi wake: mifumo ya serikali, itikadi na ugavi wa mali, njia ya fedha ya umma kutoka kodi hadi mkopo, na Kenya katika dunia. Tume ya Huduma za Walimu inaweza kuwapa kazi hiyo walimu wa Historia, ambao vipindi vyao vitapungua mtihani wa mwisho wa 8-4-4 utakapofanywa mwaka 2027. Tathmini iache kumwambia mwanafunzi ataje faida tano, imwambie achague upande, autetee, kisha aueleze upande wa pili kwa namna ambayo wenyewe wangeukubali. Kwa wengi waliopo Gredi ya 10 leo, uchaguzi mkuu wa kwanza watakaopiga kura ni wa mwaka 2032. Kati ya sasa na hapo pendekezo la kubadilisha Katiba litakuwa limeletwa tena, pengine zaidi ya mara moja, ilhali wao wamebakiza miaka miwili na kidogo tu shuleni.